Moja Iko Juu au Chini? Mbinu za Kubofya Namba Bila Kupoteza Hela

Chukua simu yako ya tachi, fungua sehemu ya kupigia. Mstari wa juu kabisa una 1, 2, 3. Sasa toka hapo, fungua kalkuleta ya simu hiyohiyo. Mstari wa juu una 7, 8, 9, na zile 1, 2, 3 zimeshuka chini. Simu ni moja, kioo ni kimoja, kidole ni kilekile, ila namba zimepangwa kwa namna mbili zinazopingana.

Wengi tumeishi na jambo hili miaka mingi bila kulitilia maanani, kwa kuwa macho hutangulia na kidole hufuata. Tatizo huanza pale kazi inapokuwa nyingi na kidole kikazoea kutangulia macho. Mfikirie wakala wa kata ya Kaagya siku ya mnada. Anapokea hela ya mteja, anapiga hesabu ya floti kwenye kalkuleta, anaingiza kiasi kwenye simu, kisha anageukia mashine ya POS ya benki. Au mfikirie karani wa chama cha msingi msimu wa kahawa, foleni ya wakulima imefika barabarani, anasoma mizani, anabofya kalkuleta, anaandika stakabadhi. Hao hubadilisha mpangilio wa namba mara nyingi kwa siku, na kila kitufe wanachobofya ni hela ya mtu.

Kosa linalotokana na mpangilio wa vitufe lina alama yake. Halitokei ovyo: hubadilisha tarakimu fulani tu, na kwa kiasi kilekile kila mara. Ukiijua alama hiyo utajikinga kabla, na likishatokea utaliona upesi badala ya kukesha na daftari.

Kwanza, jua kifaa chako kiko upande gani

Vifaa vya namba tunavyotumia kila siku vimegawanyika pande mbili.

Upande wa kwanza ni wa simu, ambako 1 iko juu. Humo kuna kitochi, sehemu ya kupigia ya simu ya tachi, ATM, mashine ya POS ya wakala wa benki, mita ya LUKU na rimoti ya televisheni.

Upande wa pili ni wa kalkuleta, ambako 7 iko juu. Humo kuna kalkuleta ya mezani, kalkuleta ya simu ya tachi, na vile vitufe vya namba vilivyo mkono wa kulia wa kibodi ya kompyuta. Mizani nyingi za kidijitali zinazopiga bei ziko upande huu, na mashine nyingi za risiti za EFD pia. Lakini watengenezaji ni wengi na kila mmoja ana yake, kwa hiyo usikisie: tazama ya kwako.

Kitochi kina jambo lake la pekee. Vitufe vyake ni vya kudumu, haviwezi kuhama, kwa hiyo hata ukifungua kalkuleta yake 1 inabaki juu. Mtu aliyepiga hesabu za biashara kwenye kitochi kwa miaka, akinunua simu ya tachi au kalkuleta ya mezani, ndipo anapokutana na 7 juu kwa mara ya kwanza, tena vidole vyake vikiwa vimeshazoea njia nyingine. Kama una mfanyakazi wa namna hiyo dukani, wiki zake za kwanza zinahitaji uangalizi.

Kwa nini zimepangwa tofauti

Mipangilio hii miwili ilizaliwa katika kazi mbili tofauti, na kila mmoja ulikuwa na sababu zake.

Mashine za hesabu ndizo zilizotangulia. Mwaka 1887 Mmarekani Dorr Felt alipata hataza ya mashine iliyoitwa Comptometer. Ilikuwa na safu nyingi za vitufe: safu ya mamoja, ya makumi, ya mamia na kuendelea. Kila safu ilianza na 1 chini, karibu na mkono wa karani, ikapanda hadi 9 juu. Baadaye David Sundstrand wa mji wa Rockford, jimbo la Illinois, akatengeneza mashine yenye vitufe kumi tu, iliyojitokeza mwaka 1914. Nayo iliweka namba ndogo chini na kubwa juu, katika mistari mitatu: 1-2-3 chini, 4-5-6 katikati, 7-8-9 juu. Mpangilio huo ukaingia kwenye ofisi na benki, ukaenda hadi kwenye kalkuleta za umeme, na kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ikaja nao upande wa kulia wa kibodi.

Simu zilikuja kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi simu zilikuwa za kuzungusha. Kampuni ya simu ya Bell huko Marekani ilipotaka kuhamia kwenye vitufe, ilikuwa na kitengo cha kuchunguza namna binadamu anavyotumia vyombo. Kiongozi wake alikuwa John Karlin, mwanasaikolojia aliyezaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 1918. Tayari mwaka 1955 watafiti Mary Lutz na Alphonse Chapanis walikuwa wamewauliza watu wa kawaida wangetarajia kuzikuta namba wapi kwenye vitufe kumi, na wengi waliziweka kwa utaratibu wa kusoma ukurasa: kutoka kushoto kwenda kulia, kutoka juu kwenda chini. Kisha mtafiti wa Bell, R. L. Deininger, akajaribisha mipangilio mbalimbali: ya duara, ya mistari miwili ya vitufe vitanovitano, ya mistari mitatu, na mingineyo. Alipima kasi, makosa, na watu walipendelea upi. Ripoti yake ilitoka mwaka 1960. Mipangilio iliyofanya vizuri haikupishana sana, na uliochukuliwa ni ule wa 1-2-3 juu.

Kulikuwa na jambo la herufi pia. Simu za Marekani zilikuwa na ABC kwenye 2, DEF kwenye 3, na kuendelea. Ukiweka 1 juu, herufi zinakwenda kwa mfuatano wa alfabeti kutoka juu hadi chini. Ukiweka 7 juu, alfabeti inaanzia chini na kupanda. Waliokuwa wakiandika meseji kwenye kitochi wanajua mpangilio huo wa herufi kwa vidole.

Simu za vitufe zilianza kuuzwa kwa wateja tarehe 18 Novemba 1963, katika miji ya Carnegie na Greensburg, jimbo la Pennsylvania. Zilikuwa na vitufe kumi tu. Nyota na reli ziliongezwa mwaka 1968. Vitufe hivyo viwili ndivyo vilivyotufikia na kufungua menyu ya M-Pesa hapa Tanzania tangu 2008, pale unapobofya nyota 150 nyota 00 reli.

Hadi simu za vitufe zinafika kwa watu, makarani wengi walikuwa wameshazoea 7 juu, na hakuna ofisi ambayo ingekubali kuwafundisha upya. Watu wa simu nao walikuwa na utafiti wao, na mashirika ya viwango ya kimataifa yakaupitisha mpangilio wao. ATM na POS zikafuata simu, kwa kuwa mteja wa kawaida ameizoea simu kuliko kalkuleta. Kila upande ukabaki na wake, hadi simu ya tachi ilipoiweka mipangilio yote miwili kwenye kioo kimoja.

Alama ya kosa: mstari wa kati hauhami

Weka simu na kalkuleta ya mezani kando kwa kando, utazame mistari. 4-5-6 iko katikati kwenye vyote viwili. Ya juu na ya chini ndiyo iliyobadilishana nafasi. Kwa hiyo kidole kilichozoea simu kikienda kwenye kalkuleta, au kinyume chake, makosa yanayoweza kutokea ni haya tu:

1 inakuwa 7, na 7 inakuwa 1.
2 inakuwa 8, na 8 inakuwa 2.
3 inakuwa 9, na 9 inakuwa 3.

Tarakimu 4, 5 na 6 haziguswi. Sifuri iko mstari wa mwisho pande zote, ingawa kwenye simu iko katikati ya mstari huo na kwenye kalkuleta nyingi iko kushoto.

Sasa piga hesabu ya tofauti. Kutoka 1 hadi 7 ni sita. Kutoka 2 hadi 8 ni sita. Kutoka 3 hadi 9 ni sita. Kila jozi ina pengo la sita, kwa hiyo kosa la mpangilio huacha pengo la 6, au 60, au 600, au 6,000, kutegemea tarakimu ilikuwa nafasi gani. Hata tarakimu kadhaa zikigeuka kwa pamoja, pengo lote bado linagawanyika kwa sita bila baki. Mfano: 2,300 ikiingizwa kama 8,900, pengo ni 6,600. Gawanya kwa sita, unapata 1,100 kamili.

Hilo ndilo la kukariri kuliko mengine yote: moja na saba, mbili na nane, tatu na tisa, pengo ni sita.

Mbinu za kujikinga kabla ya kubofya

*Soma kona ya juu kushoto.* Kabla ya tarakimu ya kwanza, tupa jicho kwenye kitufe cha namba kilicho juu kabisa upande wa kushoto. Ni 1 au ni 7? Kitufe hicho kimoja kinakuambia mpangilio wote. Wengi hupapasa kile kitone kilichoinuka kwenye kitufe cha 5 kama mwongozo. Kitone kinafaa sana kwa asiyeona vizuri na kwa anayefanya kazi gizani, kwa kuwa kinaonyesha katikati. Lakini 5 iko katikati pande zote mbili, kwa hiyo kitone hakikuambii 1 iko juu au chini. Ukishakipapasa, bado soma kona.

*Maliza kazi ya kifaa kimoja ndipo uhamie kingine.* Hatari kubwa ni kurukaruka: tarakimu mbili kwenye kalkuleta, simu inaita, unapokea, unampa mteja namba, unarudi kwenye kalkuleta na kidole kikiwa bado kwenye mpangilio wa simu. Kama umekatizwa katikati ya hesabu, futa yote uanze upya. Sekunde kumi za kurudia ni nafuu kuliko jioni nzima ya kutafuta upungufu.

*Andika kwanza, bofya baadaye.* Wakala anayeandika kiasi kwenye daftari kabla ya kukiingiza kwenye simu ana ushahidi wa pili. Asiyeandika ana kumbukumbu tu, na kumbukumbu ya mtu aliyehudumia foleni nzima si ya kutegemea.

*Soma kioo kwa sauti.* Ukishaingiza, usisome tena karatasi. Soma kilichoko kwenye kioo, mteja asikie. "Mama, natuma elfu kumi na mbili." Kama kioo kinasema elfu sabini na mbili, mdomo wako utagonga mahali ambapo jicho lingepita. Mteja naye anapata nafasi ya kusema hapana.

*Gawa namba ndefu vipande.* Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontroo namba, ina 12. Hakuna anayeshika tarakimu nyingi hivyo kwa pamoja. Zigawe nne nne, ingiza kipande, linganisha, nenda kipande kinachofuata. Unaposomewa namba kwenye simu, rudia kila kipande kabla ya kuendelea, na kaa macho na nne na nane, ambazo mtandao ukiwa mbaya husikika kama kitu kimoja.

*Jina kabla ya namba ya siri.* Unapotuma hela kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujathibitisha. Hapo ndipo mahali pa kusimama. Kama unatuma kwa mjomba wako wa Kamachumu na jina linalotokea hulijui, usibofye mbele hata kama una haraka. Na kama hela imeshakwenda kwa mtu mwingine, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako papo hapo, kabla aliyeipokea hajaitoa.

*Kariri tarakimu za namba ya siri, usikariri mwendo wa kidole.* Wapo wanaojua namba yao ya siri kama mchoro tu: juu, chini, pembeni, katikati. Siku wakikutana na kioo kilichopangwa vingine wanakwama, kwa kuwa baadhi ya programu za benki huzichanganya namba makusudi kila unapoingia, ili anayechungulia asifuate kidole. Ukikosea mara tatu, mara nyingi akaunti au kadi hufungwa, na utalazimika kwenda hadi tawini. Mtu wa visiwani Muleba anajua gharama ya safari hiyo. Itamke namba yako moyoni tarakimu kwa tarakimu, na usiiandike popote.

Mita ya LUKU: tarakimu ishirini bila hofu

Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20, na mita inafuata mpangilio wa simu. Mwaka 2024, mita zilipohitaji kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba, wateja wa TANESCO waliingiza makundi matatu ya tarakimu ishirini, sitini kwa jumla, yale mawili ya kwanza yakiwa ya kuboresha mita na la tatu likiwa la umeme. Wengi walichoka, wakakosea, wakadhani tokeni ni mbovu.

Habari njema ni kwamba mita inajilinda yenyewe. Tokeni imetengenezwa kwa ajili ya mita yako peke yake, na ndani ya tarakimu hizo kuna njia ya mita kuhakiki kama umeziingiza sawasawa. Ukikosea moja, mita itakataa. Haitampa jirani umeme wako wala haitakula uniti zako. Kwa hiyo usiogope, rudia tu taratibu. Iandike tokeni kwenye karatasi kwa vipande vitano vya nne nne. Mtu mmoja asome, mwingine abofye, na kila baada ya kipande wasimame walinganishe na kioo. Kama umetoka kupiga hesabu kwenye kalkuleta muda si mrefu, anza kwa kukagua pale penye 1, 2, 3, 7, 8 na 9.

Kulisaka kosa likishatokea

Tuchukue mfano wa kituo cha kununulia kahawa. Mzee ameleta kahawa ya maganda, mizani imesoma, karani ameandika na kupiga hesabu. Mzee anatazama stakabadhi na kusita.

"Tata, kuna tatizo?" karani anauliza.

"Mwanangu, mizani yako mwenyewe imesema kilo 149. Hela hii sioni kama ni ya kilo hizo."

Tuseme bei ni shilingi 4,000 kwa kilo. Kilo 149 ni shilingi 596,000. Stakabadhi inasema 572,000. Pengo ni 24,000. Karani mwenye ujuzi hatabishana na mzee wala hatamwambia asubiri hadi jioni. Atagawanya pengo kwa bei: 24,000 kwa 4,000 ni 6. Sita! Hapohapo anajua atafute wapi: tarakimu moja katika kilo imegeuka. Anatazama 149 na kuona 9 ya mwisho, anakumbuka kuwa ndugu yake ni 3, na 143 mara 4,000 ni 572,000 hasa. Kosa limepatikana pale mezani, mzee amelipwa haki yake, na foleni inaendelea.

Ona jambo moja katika mfano huo. Kosa lilikuwa kwenye tarakimu ya mwisho. Lingekuwa kwenye ya kwanza, 149 ingekuwa 749, na hakuna karani ambaye asingeshtuka kuona kilo mia saba kwenye magunia mawili matatu. Kosa la mwanzo wa namba hujitangaza lenyewe, ila la mwisho hupita kimyakimya, na mkulima asiyepiga hesabu yake mwenyewe anaondoka na upungufu wa shilingi elfu ishirini na nne bila kujua. Kwa hiyo unapokagua, anzia kulia.

Kwa ukaguzi wa jioni, hela na daftari visipolingana, usianze kusoma mistari yote kutoka juu. Chukua pengo lenyewe ulihoji kwa hatua hizi:

Kwanza, je, pengo ni sawa kabisa na muamala mmoja wa siku hiyo? Huenda umeusahau kuuandika. Je, nusu ya pengo ni sawa na muamala mmoja? Huenda umejumlishwa pale ulipotakiwa kutolewa, au kinyume chake.

Pili, gawanya pengo kwa 6. Likigawanyika bila baki, pitia namba zenye 1, 2, 3, 7, 8 au 9 katika nafasi inayolingana na pengo. Pengo la 60,000? Tazama tarakimu ya makumi elfu. Pengo la 600? Tazama ya mamia. Hapo badala ya kusoma miamala yote, unasoma michache tu.

Tatu, gawanya pengo kwa 9. Hii ni mbinu ya zamani ya watunza hesabu. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, kwa mfano 54,000 ikiandikwa 45,000, pengo linagawanyika kwa tisa. Sifuri ikiongezeka au ikipungua, kwa mfano 5,000 ikiandikwa 50,000, pengo la 45,000 nalo linagawanyika kwa tisa. Ili kujua bila kugawanya, jumlisha tarakimu za pengo: 4 na 5 ni 9, basi linagawanyika.

Ipo tahadhari. Namba moja katika kila sita inagawanyika kwa sita hata bila kosa la mpangilio, na nyingine, kama 18,000, zinagawanyika kwa sita na kwa tisa pia. Kwa hiyo hatua hizi zinakuonyesha pa kuanzia. Uthibitisho ni kuikuta namba yenyewe na kuilinganisha na karatasi ya mteja.

Kuvizoesha vidole

Anayetumia kalkuleta ya mezani kila siku anahitaji zoezi dogo la asubuhi. Kwenye kalkuleta ya tarakimu 12, ingiza 12345679, yaani zote kwa mfuatano ukiruka 8, kisha zidisha kwa 9. Jibu sahihi ni 111,111,111. Ukiona kitu kingine chochote, kidole kimeteleza. Lingine ni 37037 mara 27, jibu 999,999. La pili linatumia 2, 3 na 7, zile zinazogeuka, kwa hiyo linafaa kwa anayetoka kwenye simu.

Kwa anayetumia vitufe vya namba vya kompyuta, weka vidole vitatu vya mkono wa kulia juu ya 4, 5 na 6, cha kati kikiwa kwenye 5 yenye kitone. Kutoka hapo, kila kidole kinapanda kwenda 7, 8, 9 na kinashuka kwenda 1, 2, 3, kisha kinarudi nyumbani kwake. Hakikisha taa ya NumLock inawaka, la sivyo vitufe hivyo vitahamisha mshale badala ya kuandika namba.

Kwenye ATM na POS, jifunze rangi pamoja na namba. Kwa kawaida kijani ni kukubali, njano ni kufuta ulichokosea, nyekundu ni kusitisha yote. Ukibofya tarakimu isiyo yako, ya kutumia ni njano, kisha uendelee. Wengi hubofya nyekundu kwa hofu, muamala unakatika, wanaanza upya wakiwa na haraka zaidi, na haraka ndiyo inayozaa kosa la pili.

Anza leo

Kabla ya kufungua duka au kituo kesho, chukua karatasi ya gundi na kalamu. Zunguka kwenye kila kifaa chenye vitufe vya namba: kalkuleta, mizani, POS, EFD, kompyuta. Kwenye kila kimoja bandika maandishi mafupi pembeni ya vitufe: "1 JUU" au "7 JUU". Ndani ya jalada la daftari andika zile jozi tatu na neno "sita". Mwonyeshe kila anayekaa mezani hapo, hata mtoto anayeshika duka unapokwenda kusali, na umweleze sababu, kwa kuwa anayejua sababu hasahau.

Fanya hivyo hasa kama unashika hela za wengine. Mkulima aliyechuma, akaanika na kubeba kahawa yake hadi kwenye mizani yako hana namna ya kuona kidole chako kimekwenda wapi. Anachoweza ni kukuamini. Mpe karatasi yenye kilo, bei na jumla, msomee kwa sauti, umwachie muda wa kuhesabu mwenyewe kabla hajaondoka.